Tofauti ya Risasi Moja

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, katika Ford's Theatre mjini Washington, mchezaji wa tamthilia aitwaye John Wilkes Booth aliingia katika chumba alimokaa Rais Abraham Lincoln akiwa na bastola ndogo iliyoweza kufumbatwa karibu yote katika kiganja cha mkono. Urefu wake haukufika inchi 6, na uzito wake ulikuwa wakia 8 tu, yaani nusu ratili. Ilikuwa na mtutu mmoja, na katika mtutu huo mlikuwa na risasi moja. Booth alipiga mara moja nyuma ya kichwa cha Rais, na tangu hapo bastola ile ikawa kipande cha mti na chuma kisicho na kazi. Akaitupa sakafuni, akachomoa kisu kikubwa alichokuwa nacho, akamjeruhi mkono Meja Henry Rathbone aliyejaribu kumkamata. Kisu kile ndicho kilichokuwa risasi yake ya pili.

Muuaji yule alijua upungufu wa silaha aliyoichagua kabla hajapanda ngazi, na habari yote ya bastola za mfukoni ni habari ya upungufu wa namna hiyo. Mtu atakaye silaha ya kuchukua kila siku chini ya nguo zake hapati iliyo kamili. Ikiwa nyepesi, pigo lake huwa dhaifu. Ikiwa na pigo kubwa, humlemea mwenyewe na kuchanika mfuko. Ikiwa na risasi nyingi, hunenepa hata ikatokeza chini ya koti na siri ikawa si siri. Kwa hiyo mnunuzi aliyesimama mbele ya bastola mbili zilizofanana kama shilingi kwa ya pili alikuwa akichagua kasoro atakayoivumilia. Nchini Marekani, ambako biashara hii ilistawi mno, mashindano hayo yameendelea kwa zaidi ya miaka 150, na mara nyingi ajabu yamesimama juu ya risasi moja iliyozidi au iliyopungua.

Bastola ya Booth ilitoka katika karakana ya Henry Deringer wa Philadelphia, fundi aliyezaliwa mwaka 1786 na kufariki mwaka 1868. Ilishindiliwa kwa mdomo wa mtutu, baruti kwanza kisha risasi, na moto wake ulitoka katika fataki ndogo iliyopigwa na nyundo. Fataki ikiwa na unyevu, bastola haikulia. Dawa ya upungufu huo ilikuwa nyepesi: Deringer aliziuza bastola zake mbili mbili, pacha katika kasha moja, ili moja ikinyamaza au ikishatumika, ya pili iwepo. Wachimba dhahabu na wacheza kamari wa California walizipenda sana, na mahali penye wanunuzi wengi hapakosi wenye kuiga. Mafundi waliokuwa wamefanya kazi kwa Deringer walianzisha kampuni yao mjini mle mle Philadelphia, wakatengeneza bastola zilizolingana na zake kwa umbo, kwa nakshi, na hata kwa chapa. Wengine wakamtafuta mshona nguo aliyeitwa John Deringer, mtu asiyejua lolote juu ya kufua mitutu, wakatumia jina lake ili wapate kupiga chapa ya Deringer bila kusema uongo mtupu. Deringer alimshitaki mfanya biashara mmoja wa San Francisco, na Mahakama ya Juu ya California ikaamua kwa upande wake, katika hukumu iliyokuja kutajwa mara nyingi na wanasheria wa alama za biashara. Hata hivyo jina lilikuwa limekwisha kumponyoka. Magazeti yaliliandika kwa herufi mbili za r, likawa jina la kila bastola ndogo ya mfukoni, iwe ya nani iwayo. Mnunuzi wa siku zile, alipoonyeshwa mbili zinazofanana, hakuwa na njia ya kuitambua iliyo njema ila kuipiga.

Wakati huo huo bastola za silinda inayozunguka zilikuwa zikienea, nazo zilileta mashaka ya aina nyingine. Colt ya mfukoni ya mwaka 1849, ambayo zilitengenezwa zaidi ya 300,000, aghalabu ilichukua risasi 5, lakini kila tundu la silinda lilipaswa kushindiliwa baruti na risasi kwa mkono. Mwaka 1857 Smith & Wesson walitoa bastola ndogo ya risasi 7 zilizokwisha kufungwa pamoja na baruti ndani ya maganda ya shaba; mtu alizitia tu kama atiavyo shanga katika kikombe. Uzito wake ulikuwa kiasi cha nusu ya ule wa Colt. Lakini risasi zenyewe zilikuwa ndogo mno, na Mark Twain, katika Roughing It, kitabu chake cha mwaka 1872, aliifanyia dhihaka bastola yake ya aina hiyo kwa udhaifu wake. Ilinunuliwa sana pamoja na dhihaka zote. Watu walipendelea kitu kidogo kilicho tayari kuliko kikubwa kinachohitaji maandalizi.

Remington nao, mwaka 1866, waliirudia fikira ya pacha wa Deringer, lakini waliiunganisha katika mwili mmoja: mitutu 2 mifupi iliyopandana, na nyundo moja iliyoupiga huu kisha ule. Bastola hiyo ilitengenezwa mpaka mwaka 1935. Ni vigumu kutaja chombo kingine cha hatari chenye pigo dhaifu kiasi kile kilichoishi sokoni kwa miaka karibu 70.

Jambo moja la desturi lafaa kukumbushwa hapa, kwa kuwa hesabu za wauzaji hulificha. Katika bastola za silinda za zamani, nyundo ilikaa juu ya fataki ya risasi iliyo chini yake, na bastola ikianguka au ikigongwa, iliweza kulia yenyewe. Kwa sababu hiyo wenye busara waliokuwa na bastola ya risasi 6, kama ile Colt mashuhuri ya mwaka 1873, walitia 5 tu na kuiacha nyundo ikae juu ya tundu tupu. Walilipa fedha kwa risasi 6, kisha kwa hiari yao wakaiacha moja, wasije wakajipiga paja wenyewe. Katika historia hii hakuna ushahidi ulio bora kuliko huo wa thamani ya risasi moja, na wa bei yake.

Habari ya chuma peke yake haitoshi, kwa maana sheria ilikuwa fundi wa pili wa bastola hizi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 watu wengi wa Marekani, hasa wa majimbo ya kusini, waliihesabu silaha iliyofichwa kuwa silaha ya mwoga. Aliyening'iniza bastola kiunoni hadharani aliwaonya wenzake, aliyeificha aliwategea. Kentucky na Louisiana zilikataza silaha za siri mwaka 1813. Mahakama ya Kentucky iliitangua sheria ya huko mwaka 1822, katika kesi ya mtu mmoja aitwaye Bliss aliyeshitakiwa kwa kuchukua upanga ndani ya bakora. Lakini katiba mpya ya jimbo, ya mwaka 1850, ililipa baraza uwezo wa kuzikataza tena. Mwaka ule ule wa 1850 mahakama ya Louisiana, katika kesi ya Chandler, ilishikilia kuwa kuchukua silaha wazi ni haki ya mtu huru, na kuificha ni mlango wa hila na mauaji yasiyo ya kiume. Wasomaji wa leo wanaodhani kuwa desturi ya kuficha bastola ilipata heshima huko tangu awali hawana budi kustaajabu.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe sheria hizo zilibadilika sura. Tennessee, mwaka 1871, iliiruhusu bastola ya jeshi peke yake, tena kwa sharti ichukuliwe wazi mkononi. Na mwaka 1879 ikakataza kuuzwa kwa bastola yoyote isiyo ya aina itumiwayo na jeshi la nchi kavu au la majini. Arkansas ilifuata mwaka 1881. Bastola za jeshi za Colt, za mwaka 1851 na 1860, zilikuwa na uzito wa zaidi ya wakia 40, na mtu aliyetaka kuitii sheria barabara alipaswa kwenda sokoni na chuma cha ratili mbili na nusu mkononi mwake, kama askari aliyepotea njia. Zaidi ya uzito palikuwa na bei. Bastola za jeshi zilikuwa ghali, na zile ndogo zilizopigwa marufuku ndizo alizoweza kuzinunua maskini. Na katika Kusini ya miaka ile, wengi wa maskini walikuwa watu weusi waliotoka utumwani juzi. Wanahistoria wamebishana juu ya nia iliyokuwamo mioyoni mwa waliotunga sheria hizo. Juu ya mtu aliyebaki mikono mitupu ubishi ni mdogo.

Florida haikuacha nafasi ya kubishana. Mwaka 1893 ilitunga sheria ya kutaka leseni kwa wenye bunduki za kurudia, na mwaka 1901 ikaongeza bastola. Miaka 40 baadaye, katika kesi ya Watson dhidi ya Stone ya mwaka 1941, Jaji Rivers Buford wa mahakama ya juu ya jimbo hilo alieleza kwa maandishi kwamba sheria ile ilitungwa ili kuwanyang'anya silaha vibarua weusi wa makambi ya mbao na ya utomvu, na kwamba haikukusudiwa kabisa kuwahusu weupe. Ni nadra jaji kulifunua kusudi la sheria kwa uwazi kama huo.

Kaskazini sababu zilikuwa nyingine. Tarehe 6 Septemba 1901, mjini Buffalo, Leon Czolgosz alisimama katika mstari wa watu waliokuja kumpa mkono Rais William McKinley. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa leso kama mtu aliyeumia, na ndani ya leso mlikuwa na bastola ya Iver Johnson aliyoinunua siku chache kabla kwa dola 4 na nusu. Alipiga mara mbili. Rais alifariki tarehe 14. Mwaka 1911 jimbo la New York lilipitisha sheria inayojulikana kwa jina la Timothy Sullivan, ikitaka leseni kwa kila silaha ya moto iliyo ndogo kiasi cha kuweza kufichwa. Udogo wenyewe ukawa ndio kosa. Baadaye kidogo ikaongezwa kanuni kwamba mwombaji wa kuchukua bastola kwa siri aonyeshe haja maalumu iliyo yake, na kanuni hiyo ikadumu mpaka mwaka 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoitangua katika kesi ya Bruen.

Katikati ya mabadiliko hayo alitokea John Moses Browning, mzaliwa wa Utah, ambaye pengine hakuna fundi wa silaha aliyemzidi. Yeye aliitoa silinda, akaziweka risasi katika kibweta chembamba ndani ya mpini, yaani magazini, na bastola ikawa bapa. Ubapa ndio uliokuwa ugunduzi mkubwa kwa mwenye kuficha, kwa kuwa silinda ni nundu, na nundu haifichiki vema chini ya nguo. Mwaka 1903 kampuni ya Colt ilitoa bastola yake ya mfukoni. Ilitangazwa kuwa haina nyundo, ingawa nyundo ilikuwamo, imefunikwa tu isikwame katika bitana ya mfuko. Ilichukua risasi 8 za kipenyo cha .32. Mwaka 1908 ikatoka ndugu yake wa tumbo moja: mwili ule ule, mpini ule ule, mfuko ule ule, ila risasi zake zilikuwa za .380, nazo zilikuwa 7.

Mara chache uchaguzi umewahi kuwa safi namna hiyo. Mnunuzi hakuulizwa juu ya ukubwa, wala uzuri, wala jina la mtengenezaji. Aliulizwa kama yu radhi kuitoa risasi moja ili zile 7 zilizobaki ziwe nzito zaidi kwa kiasi cha theluthi. Waliopenda ulaini wa mrusho na wingi wa risasi walishika ya kwanza. Waliotaka pigo zito walishika ya pili. Wote wawili walikuwa na hoja, na wala haikuonekana hoja iliyoiua nyingine.

Ubelgiji, kampuni ya FN ilifanya vivyo hivyo katika bastola ya Browning ya mwaka 1910: mtu akibadili mtutu tu, aligeuza bastola ya risasi 7 za milimita 7.65 kuwa ya risasi 6 za milimita 9 fupi. Tarehe 28 Juni 1914, mjini Sarajevo, Gavrilo Princip alimwua Mwana-mfalme Franz Ferdinand na mkewe Sophie kwa bastola ya aina hiyo, ya kipenyo cha pili. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kuwa ilikuwa ile ya mwaka 1900 ya milimita 7.65. Kosa hilo laeleweka, kwa kuwa mtazamaji asiye fundi haoni sababu ya kujali. Princip alipiga mara mbili. Wingi wa risasi zilizobaki haukuhusika na neno lolote la yaliyofuata.

Wapelelezi wa polisi wa Marekani, waliovaa nguo za kiraia, waliendelea hata hivyo kupenda silinda, kwa maana haikwami upesi na haihitaji mafundisho marefu. Mwaka 1927 Colt walitoa Detective Special, yenye mtutu wa inchi 2 na risasi 6 za .38. Smith & Wesson waliijibu mwaka 1950 kwa bastola iliyopewa jina na wakuu wa polisi wenyewe katika mkutano wao mjini Colorado Springs: Chiefs Special. Ilipiga risasi zile zile za .38, lakini zilikuwa 5. Kwa kuiacha moja, silinda ilipungua upana kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya inchi. Mtu aisomapo hesabu hiyo mezani huicheka. Lakini aliyekaa ndani ya motokaa saa 8, na chuma kikimchoma ubavuni, hakuicheka, na katika miaka iliyofuata ile ya risasi 5 ndiyo iliyoenea zaidi. Walioichukua mfukoni walipewa hata nyingine zilizofunikwa nyundo, mwaka 1952 na 1955, kwa sababu ile ile ya bitana iliyomshughulisha Browning.

Miaka hiyo hiyo, mjini Montgomery katika jimbo la Alabama, alikuwako mtu aliyekuwa na haja ya kweli. Tarehe 30 Januari 1956 nyumba ya Mchungaji Martin Luther King ilitupiwa bomu, mkewe na mtoto wao mchanga wakiwa ndani. Kwa bahati hawakuumia. King aliomba kibali cha kuchukua bastola. Sheria ya jimbo iliwaachia wakubwa wa mahali kuamua ni nani afaaye, nao wakaamua kwamba hafai. Kama angepewa, angeweza kuingia dukani na kupima 5 na 6 kama mpelelezi yeyote. Kwake swali hilo halikufika. Baadaye yeye mwenyewe aliiacha kabisa njia ya silaha, akaziondoa na zile zilizokuwamo nyumbani mwake. Lakini kuacha kitu na kunyimwa ni habari mbili, na uamuzi wa Montgomery ni wa habari ya pili.

Mlango uliofungwa kwake ulifunguliwa kwa wengi miaka 31 baadaye, na uliofungua ni Florida, jimbo lile lile la sheria ya 1893. Sheria yake ya mwaka 1987 iliondoa hiari ya wakubwa: mwombaji aliyetimiza masharti yaliyoandikwa alipaswa kupewa kibali. Majimbo mengine yakaifuata, na leo zaidi ya nusu ya majimbo 50 hayadai kibali chochote. Silaha ya mwoga ya mwaka 1850 ikawa silaha ya raia wa kawaida. Hapo ndipo watengenezaji walipopata soko ambalo Deringer hakuliota.

Kisha sheria ikashika tena patasi. Mwaka 1994 Baraza la nchi nzima lilikataza magazini mpya za kuzidi risasi 10 kwa raia. Ikiwa 10 ndiyo kikomo, mafundi walifikiri, hakuna haja ya mpini mrefu wa kuweka 15 au 17. Na mwaka 1995 Glock wakatoa bastola fupi ya risasi 10, nambari 26, iliyowafaa wenye kuficha. Sheria iliyokusudiwa kupunguza risasi ikapunguza bastola pamoja nazo. Ilikoma mwaka 2004, lakini bastola ndogo zilibaki, zikazidi kukonda. Kukonda huko nako kulikuwa na malipo yake: Glock ya nambari 43, ya mwaka 2015, ilikuwa bapa sana, na magazini yake ilikuwa na risasi 6 tu.

Mwaka 2018 kampuni ya SIG ilionyesha P365, yenye unene wa kiasi cha inchi 1 na uzito wa wakia zisizofika 18. Kwa kuzipanga risasi zikabanana katika safu mbili zinazokutana juu kuwa moja, ilitia 10 mahali ambapo wengine walitia 6. Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, Springfield wakatoa Hellcat. Unene ulikuwa karibu ule ule, na uzito ulizidi kwa kiasi cha nusu ya wakia. Risasi zilikuwa 11. Kampuni ilijivunia ile ya 11 kwa sauti kubwa, na wanunuzi wakabishana juu yake kama walivyobishana babu zao juu ya 8 na 7, na baba zao juu ya 6 na 5. Wengine wakatazama badala yake mahali pa kidole cha mwisho, ambacho katika mipini mifupi hivyo hubaki kikining'inia.

Katika jimbo la Nevada bastola hiyo iliuzwa na magazini yake kama ilivyo. Katika California, jirani yake wa magharibi, kikomo cha risasi 10 kilikuwa kimebaki katika sheria ya jimbo baada ya ile ya nchi nzima kukoma. Magazini ya 11 ilikuwa halali mpaka kwenye mstari wa mpaka, na haramu kuiuza ng'ambo ya pili.